Maswali ya Udongo: Gamba Jeusi Linaloamka na Mvua

SWALI: Shambani kwangu kuna kipande nilichokipumzisha misimu miwili. Kiangazi chote udongo wake wa kichanga ulikuwa na gamba jeusi kama masizi. Mvua ya kwanza iliponyesha, likageuka kijani hata kabla sijaondoka shambani. Jirani anasema ni kuvu, nilikwangue kabla ya kupanda karanga. Nifanyeje?
Mkulima, Uyui

JIBU: Usilikwangue, ndugu yetu. Hiyo si kuvu, wala si ugonjwa wa karanga. Ni sianobakteria, vijidudu vya udongoni vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani.

Hakikisha kwanza. Chukua kipande kikavu cha ukubwa wa kucha ya dole gumba, kiinue kwa ncha ya kisu, ukitazame kwenye mwanga. Ukiona chembe za mchanga zinaning'inia kwenye nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, gamba hilo lina uhai. Nyuzi hizo mara nyingi ni za jamii ya Microcoleus, zimefungamana mafungu mafungu ndani ya ala ya ute. Lile gamba gumu linaloachwa na matone makubwa ya mvua ni kitu kingine: huvunjika kama kigae, halina nyuzi, na ukilidondoshea maji halibadiliki rangi. Hilo ndilo huzuia miche kuchomoza, na hilo livunje kwa jembe bila huruma.

Weusi ulioona ni rangi ya kinga dhidi ya jua kali. Udongo unapokauka, Microcoleus huteremka milimita moja hivi chini ya uso, na maji yakirudi hupanda tena. Ndiyo maana kijani kilitokea upesi namna ile. Wakati wa ukavu seli hujaza sukari, hasa trehalosi, inayoshika nafasi ya maji ili utando wa seli na protini visiharibike. Usanisinuru nao huzimwa, kwa sababu klorofili inayopokea jua pasipo maji huiunguza seli yenyewe. Katika hali hiyo hawajafa. Mwaka 1941 ilichapishwa taarifa ya Nostoc, ndugu yao, aliyefufuka baada ya kukaa mkavu miaka 87 katika mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa.

Kazi ngumu ni kuamka. Kupumua hurudi kwanza, ndani ya dakika chache. Usanisinuru hufuata, baada ya dakika kadhaa hadi saa kadhaa. Kunasa naitrojeni ya hewani huja mwisho, pengine baada ya siku nzima au zaidi. Katika muda huo wote wa mwanzo kiumbe anakula akiba: anakarabati utando wa seli, na sehemu ya sukari yake inavujia udongoni. Sasa fikiria manyunyu ya milimita 2 saa sita mchana, mchanga ukauke kabla ya saa nane. Amelipa gharama ya kuamka na hajavuna kitu. Manyunyu ya namna hiyo yakirudiarudia yanaweza kulidhoofisha gamba kuliko kiangazi kizima cha Mei hadi Oktoba. Ndiyo sababu tunawaomba wakulima wasihesabu milimita peke yake. Waangalie pia udongo umebaki na unyevu kwa saa ngapi.

Kwa karanga zako, chimba mistari ya kupandia tu na uache gamba katikati hadi palizi ya kwanza. Usilitarajie kama mbolea ya msimu huu: karanga zina bakteria wao mizizini na hazingoji naitrojeni ya gamba. Faida yako ni mchanga kutopeperushwa wala kusombwa na maji. Ng'ombe usiwapitishe hapo kiangazi, maana nyuzi kavu hukatika kirahisi, na zikifukiwa chini ya vumbi jingi haziwezi kupanda tena juu.

SWALI: Wazee husema anayechelewa kupanda mvua za kwanza amepoteza mbolea. Ni kweli?
Msomaji, Sikonge

JIBU: Ni kweli, mama, na limepimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mtafiti wa udongo H. F. Birch, akifanya kazi Muguga nchini Kenya, alionyesha mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa hutoa kwa ghafla hewa ya ukaa na naitrojeni inayofaa mimea. Vijidudu vilivyokufa kwa ukavu, na sukari zinazovuja kwa walioamka, huwa chakula cha bakteria wengine. Kwenye kichanga naitrojeni hiyo husombwa chini na mvua zinazofuata. Mmea usipokuwa na mizizi kufikia hapo, imepotea. Lakini usipandie manyunyu: fukua, na unyevu uwe umefika kina cha sentimita 15 hivi.

SWALI: Majaruba yangu ya mpunga yana ukoga wa kijani juu ya maji. Je, unaiba urea yangu?
Mkulima wa mpunga, Igunga

JIBU: Hauibi kwa kiasi cha kutisha, ila unasaidia urea kutoroka. Mchana ukoga hufyonza hewa ya ukaa iliyomo majini, na maji huwa na alkali, pH (kipimo cha uchachu na alkali) ikapita 9. Urea iliyomwagwa humo hugeuka amonia na kupaa hewani. Punguza maji hadi libaki tope, tia urea jioni, ikoroge ndani ya tope, kisha rudisha maji baada ya siku moja au mbili. Usirefushe ukavu huo. Jaruba likikauka hadi kupasuka, naitrojeni hugeuka naitreti, umbo lake linaloyeyuka majini, na ukilijaza maji tena bakteria wa tope huigeuza gesi.

Ukoga ukikauka na kujikunja kama karatasi, usiuchome. Ufukie topeni. Baadhi yake hunasa naitrojeni, na mtafiti P. K. De alilionyesha hilo katika mashamba ya mpunga ya India mwaka 1939.

SWALI: Tunataka wanafunzi waone darasani jinsi gamba jeusi linavyoamka na maji, bila vifaa vya maabara.
Mwalimu, Urambo

JIBU: Mwalimu, tafuta makopo 9 yenye upana wa sentimita 10. Osha mchanga, ukaange kwenye sufuria hadi usiwe na unyevu, uache upoe, ujaze kina cha sentimita 4. Juu yake laza kipande kizima cha gamba, unene wa sentimita 1. Msiweke gamba peke yake bila mchanga chini, maji yatasimama na kuliozesha.

Kwa upana huo, milimita 1 ya mvua ni mililita 8 za maji. Makopo 3 yapewe mililita 16 kila baada ya siku 2, saa nne asubuhi. Mengine 3 yapewe mililita 80 kwa mara moja, kila baada ya siku 10. Yaliyobaki yasipewe kitu. Hayo makundi mawili ya kwanza yanapata maji sawa kwa siku 10. Tofauti ni muda wa kulowa tu. Endeleeni siku 40, kisha mloweshe yote kwa pamoja na muandike kila kopo limechukua dakika ngapi kuwa kijani.

Tumieni maji ya mvua, kwa kuwa ya bomba huwa na klorini. Dondosheni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mdomo wake ukigusa ukingo wa kopo, maana tone la kutoka juu hutoboa gamba. Makopo yakae kivulini chepesi, yasifunikwe kwa nailoni wala kioo. Vipande vya akiba vikaushwe kabisa kabla ya kutiwa kwenye bahasha ya kaki. Vikifungwa na unyevu huota kuvu ndani ya siku chache.