Nikilipia "sea view", nitaiona bahari kweli?

SWALI: Habari dada. Mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa mwezi Agosti, na tumepanga kulala usiku 5 Jambiani, Zanzibar. Hoteli tuliyoipenda ina vyumba vya aina nne: "garden view", "partial sea view", "sea view" na "beachfront". Kwenye picha kitanda ni kilekile na shuka ni zilezile, ila bei inapanda kila hatua. Wakala anasema kutoka bustani kwenda "sea view" ni "nyongeza ya dola 30" tu. Miaka miwili iliyopita nililipia "sea view" kwenye hoteli moja ya Mombasa, na bahari niliiona nikijipinda kwenye kona ya roshani huku mke wangu amenishika shati nisianguke. Je, majina haya yana kipimo? Na hela hiyo inalipa?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kaka, hongereni sana. Nianze na litakalokuudhi: ile hoteli ya Mombasa huenda haikuvunja ahadi yoyote. Majina hayo hayana kipimo kinacholingana hoteli kwa hoteli. Nyota za hoteli zina wakaguzi wake, lakini mandhari kila mwenye hoteli hujipimia mwenyewe. Nilikaa miaka mingi kwenye idara ya bukingi kabla sijahamia upande wa kupanga bei, na kazi hiyo nimeifanya kwa miguu yangu. Hoteli ingali inanuka rangi, mnapita chumba kwa chumba, mnatoka kwenye roshani, mnatazama, mnaandika. Chumba kinacholeta mabishano ni kile ambacho bahari inachungulia kati ya mnazi na paa la makuti la mgahawa. Mmoja anasema ni bahari kamili, mwingine anasema nusu. Kwa kawaida anashinda yule anayedaiwa mapato ya mwaka.

Likishaandikwa, jina halibadiliki kirahisi. Mnazi unarefuka, mivinje inajaza, jirani anajenga ghorofa, na chumba kinaendelea kuitwa "sea view" kwenye mfumo. Sijawahi kuhudhuria kikao cha kushusha chumba daraja kwa sababu mti umekua.

"Sea view" inakwambia kwamba kutoka mahali fulani chumbani au kwenye roshani, maji yanaonekana. Haisemi ni mbali kiasi gani, wala kama utayaona ukiwa umelala, umekaa au umesimama. "Beachfront" ni habari nyingine kabisa: inataja mahali jengo lilipo, mstari wa kwanza, bila jengo jingine kati yako na mchanga. Ndiyo maana chumba cha chini cha "beachfront" kilichozungukwa na mikadi kinaweza kuona maji machache kuliko chumba cha ghorofa ya pili kilicho nyuma yake. Wala mstari wa kwanza haumaanishi kuchovya miguu majini. Tanzania Bara, kwa mfano, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka ufukweni ambazo hazitakiwi ujenzi wa kudumu.

"Partial", yaani bahari kwa sehemu tu, mara nyingi hutokana na umbo la kiwanja. Viwanja vingi vya hoteli pwani ni vyembamba upande wa bahari na virefu kuelekea barabarani. Mchoraji akitaka vyumba 80 kwenye kiwanja kama hicho, anapata labda 12 vya kuitazama bahari uso kwa uso. Vilivyobaki anavipanga kwenye mabawa mawili marefu yanayotazamana, bwawa likiwa katikati. Ukikaa kwenye roshani ya bawa, mbele yako ni roshani ya mwenzako na taulo zake. Bahari ipo begani. Hapo ndipo shati lako liliposhikwa.

Uchache huo ndio unaozaa bei. Kitanda kinagharimu hoteli kilekile, usafi uleule. Kweli, vyumba vya mbele huliwa na chumvi zaidi, na fundi wa viyoyozi hukutwa huko kila mara, lakini si hilo linalopanga bei. Bei inapangwa na watu wangapi wanagombea vile 12. Chumba cha bustani ndicho kinachobandikwa kwenye matangazo ili hoteli ionekane nafuu, kisha unapandishwa ngazi moja moja. Ile ngazi ya katikati, "partial", ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Ipo kwa ajili ya mtu anayeona bustani ni duni na mbele ni ghali, na ndiyo yenye vyumba visivyofanana. Kimoja kizuri ajabu, kingine cha kuchungulia, bei moja.

Sasa hizo dola 30. Muulize wakala leo hii: ni kwa chumba au kwa mtu? Mikataba mingi ya hoteli za ufukweni na mawakala huandikwa kwa kila mtu, kwa kila usiku, wawili wakilala chumba kimoja. Ikiwa ni kwa chumba, usiku 5 ni dola 150. Ikiwa ni kwa mtu, ninyi wawili mtalipa 300. Neno "tu" katika sentensi yake limebeba mengi.

Kuna watu watakwambia, chukua bustani, useme ni maadhimisho ya ndoa, mtapandishwa bure. Hutokea. Hoteli huuza vyumba vya bei ya chini kupita idadi yake, ikijua wengine watafuta safari, na wasipofuta inabidi baadhi wasogezwe juu. Mwenye siku nyingi, aliyeandika mapema kwamba ana sherehe, hufikiriwa. Lakini hayo ni ya Aprili na Mei, masika yakinyesha na vyumba vya mbele vikiwa vitupu. Agosti wageni wamejaa, msitegemee.

Halafu kuna jambo ambalo wakala aliyeko bara huenda halijui: Jambiani bahari huondoka. Pwani yote ya mashariki, kuanzia Bwejuu na Paje kushuka hadi kwenu, ina uwanda mpana wa maji mafupi ndani ya mwamba wa matumbawe. Siku za bamvu, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na bahari hurudi nyuma mamia ya mita. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Maana yake, ukimaliza kunywa chai na kukaa kwenye roshani uliyoilipia, mbele yako kuna mchanga mtupu, vidimbwi, ngalawa zilizolala ubavu na akina mama wanaoshughulikia mwani. Mimi huipenda picha hiyo kuliko maji ya buluu, ila si ile iliyokuwa kwenye tangazo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hali ni ya wastani zaidi. Saa husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo angalia kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe.

Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, mambo ni tofauti. Huko maji hayaendi mbali, mnaogelea saa zote, na jua linazama mbele yenu. Kule dola za mandhari zinafanya kazi kutwa nzima. Jambiani jua linachomoza mbele, na mnamo saa kumi na mbili na nusu litakuwa kitandani kwenu msipofunga pazia. Na Agosti ni kusi: roshani inayotazama bahari inapigwa na upepo moja kwa moja. Wengine wanaufurahia, wengine wanaishia kukaa ndani.

Kwa ninyi, "beachfront" ya chini nisingeichukua. Wapita njia, vijana wanaouza safari za mashua, taa za walinzi usiku. Utalipia bahari ufunge pazia usionekane. Ningechukua bustani usiku 3 za mwanzo, halafu nihamie "sea view" ya ghorofa ya juu usiku 2 za mwisho, moja ikiwa ile ya sherehe yenyewe. Hoteli nyingi hukubali mkiomba wakati wa kuweka bukingi, na mizigo wanawahamishia wao. Nyongeza itakuwa dola 120 kwa hesabu ile ya kila mtu, badala ya 300. Bustani si adhabu pia: imekingwa na upepo, na bahari ipo kwa mgeni wa kila daraja, hatua chache.

Kabla ya kulipa, waandikie hoteli wenyewe kwa barua pepe, msiishie kwa wakala. Usiulize "je, chumba kinaona bahari?" maana jibu ni ndiyo siku zote. Uliza hivi: nikiwa nimekaa kwenye kiti cha roshani, macho yangu yanakutana na nini kwanza, na chumba ni ghorofa ya ngapi? Omba picha iliyopigwa wiki hii kwa simu kutoka roshani hiyo. Mtu wa mapokezi anaipiga kwa dakika mbili, na akikataa umeshapata jibu. Kisha hakikisha vocha imeandika jina kamili la daraja kama limethibitishwa. Likiandikwa kama ombi, hamjanunua kitu.

Mkifika mkaona mmepewa kona ya kujipinda tena, msifungue mabegi. Chumba kikishalaliwa, madai ya kurudishiwa tofauti ya bei hupoa. Rudini mapokezi na ile barua pepe mkononi, mwombeni meneja wa zamu, na mkaribisheni apande akakae yeye kwenye kiti.