Mhandisi, kabla hujachukua fomu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kayole, mhandisi wa ujenzi, aliniandikia: "Mama, nataka kuacha kazi nigombee uwakilishi wadi 2027. Nimekwisha kuchora mitaro yote ya wadi yetu. Nianzie wapi?" Nimeamua kumjibu mbele ya wote, maana ujumbe wa namna hii hunijia kila uchaguzi unapokaribia, na karibu wote huwa wameambatisha mchoro.

Mimi ni mhandisi wa maji na majitaka. Kabla ya siasa kazi yangu ilikuwa mabomba ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, yale yanayoteremsha majitaka ya mitaa yetu hadi mtambo wa kuyasafisha ulioko Ruai. Nilichoka kuona chemba ileile ikifumuka kila masika, tukiizibua, halafu tukiandika ripoti ambayo hakuna mwenye mamlaka aliyeisoma. Kaunti zilipoanza Machi 2013, Nairobi ikapata wadi 85, nami nikagombea mojawapo. Kampeni sitaisimulia. Kila mtu anajua kampeni ilivyo: vumbi, fulana, na simu zisizolala. Nilishinda, na 2017 nikashinda tena.

Jambo la kwanza ambalo wahandisi wengi hawalijui limo katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9. Mwakilishi wadi haruhusiwi kujihusisha na kazi za utendaji za kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wake. Isome mara mbili. Wewe uliyezoea kusimama kwenye eneo la ujenzi na kumwambia fundi ainue ile pete ya chemba, ukishaapishwa hiyo si kazi yako tena. Kazi yako ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, kuisimamia serikali ya kaunti, na kukaa karibu na waliokuchagua. Hujengi. Unahakikisha kwamba fedha za kujenga zimeandikwa, kisha unawafuatilia waliopewa kazi hiyo.

Lakini watu wako hawatakuuliza habari za kifungu cha 9. Watakuja mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, mama mmoja na mtoto mgongoni, waseme, "Mheshimiwa, majitaka yameingia nyumbani." Hapo ndipo uhandisi wangu ulinifaa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu nilijua bomba ni la nani. Mitaro ya vichochoro ni ya kaunti. Mabomba ya majitaka ni ya kampuni ya maji ya jiji, ambayo ni mali ya kaunti, lakini mitambo na miradi mikubwa iko kwa wakala wa maji wa Athi, ulio chini ya serikali ya kitaifa. Barabara nazo zina wenyewe: Thika Road ni ya mamlaka ya barabara kuu, Outer Ring ni ya mamlaka ya barabara za mijini, kichochoro cha nyuma ya soko ni cha kaunti. Nimewaona wawakilishi wakipiga kelele katika bunge la kaunti mwaka mzima kuhusu kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, isiyokuwa ya kaunti. Mimi nilikuwa naandika barua moja, kwa ofisi inayohusika, nikitaja kipenyo cha bomba na chemba iliyoziba. Barua zangu zilijibiwa. Najivunia hilo hadi leo.

Jambo la pili ni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha huja kabla ya 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Mradi usioonekana katika mpango wa Septemba utautafuta Aprili kwa tochi. Hii kalenda ishike kichwani kama unavyoshika fomula ya Manning, ile ya kukokotoa mtiririko wa maji.

Nitawaeleza habari ya mtaro mmoja, kwa sababu ndio kazi niliyoifanya nikaipenda kuliko zote. Palikuwa na kalvati ya milimita 600 chini ya barabara ya ndani ya wadi, imebeba maji ya mitaa mitatu iliyojengwa baada yake. Kila mvua kubwa maji yalirudi nyuma na kuingia katika vibanda. Nilitaka iwekwe ya milimita 900. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini kwenye mteremko uleule kalvati ya 900 hupitisha karibu mara tatu ya maji ya ile ya 600. Nililieleza hilo mbele ya kamati, nikachora ubaoni, wakaelewa. Hata hivyo, makadirio yalipotoka, mstari wa mtaro wetu haukuwepo. Fedha zilikuwa zimehamia kwenye taa za barabarani za wadi nyingine.

Sikulia. Nilirudi mtaani, nikaketi na kina mama wa vibandani, nikawasomea kitabu cha bajeti ukurasa kwa ukurasa, nikawaonyesha mahali ambapo mtaro ungeandikwa. Siku ya kikao cha maoni ya umma walifika wakiwa wengi kuliko viti. Hawakutaja milimita. Mmoja alieleza jinsi unga wake ulivyolowa, na mwingine jinsi alivyobeba watoto wa jirani hadi ngazini usiku. Afisa wa mipango aliyekuwa ananipita koridoni siku zote aliandika kila neno. Mstari ukarudi. Kalvati ipo, ni ya 900, na mvua za 2018 zilipokuja vibanda vile vilibaki vikavu. Nendeni mkaitazame.

Basi, ndugu yangu wa Kayole, mchoro wako ni mzuri, nimeuona. Lakini ni wangapi wa mtaani kwako wanaoweza kusimama katika kikao hicho wautetee bila wewe kuwapo?

Wengi mnanitajia Raila Odinga: mbona alikuwa mhandisi na akafika kule? Ni kweli, alisomea uhandisi wa mitambo kule Magdeburg, Ujerumani Mashariki, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akaanzisha kiwanda cha mitungi ya gesi. Lakini alimaliza masomo 1970, na bungeni aliingia 1992, kama mbunge wa Lang'ata. Katikati kuna kuzuiliwa bila kesi kwa miaka, na watu waliomjua kwa hayo. Mnaisoma shahada, hiyo miaka 22 mnairuka.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Februari 2020 kazi nne za kaunti yetu, afya, uchukuzi, ujenzi wa umma na mipango, zilikabidhiwa serikali ya kitaifa. Ofisi nilizokuwa nazijua mlango kwa mlango zikabadilika. Wananchi hawakujua hilo, wala hawakupaswa kulijua. Walimjua mheshimiwa wao. Kisha ikaja kura ya mchujo ya 2022. Chama kilimpa cheti mtu ambaye hajawahi kuketi katika kikao kimoja cha bajeti, ila alikuwa hakosi matanga, na bahasha yake ilikuwa nono. Niliambiwa wazi: "Mama Injinia hatoi kitu." Miaka tisa! Bado nikiipita ile ofisi ya chama moyo hunigonga.

Hata hivyo sitawaambia mtoe bahasha. Nendeni matanga kwa sababu mtu amekufa na jirani anahitaji mkono, kaeni hadi mwisho, bebeni viti. Mhandisi anayeona mazishi ni kupoteza muda aendelee na michoro yake, atufanyie wema huo. Basari, ule msaada wa karo, ikija, bandikeni orodha ya majina ukutani kwa chifu ili kila mzazi aione. Na msikubali, hata mara moja, kumtilia sahihi mkandarasi anayefanya kazi ndani ya wadi yenu. Mmoja aliniletea michoro nimpitishie. Nilikataa, akaenda kumfadhili mpinzani wangu. Ningekataa tena kesho. Muhuri wa mhandisi si wa kuazimwa, na Mungu anaona.

Mambo ya karatasi, kwa haraka. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Ukiwa mfanyakazi wa umma, sheria inakutaka ujiuzulu miezi sita kabla, kwa hiyo wewe wa serikalini una hadi mapema Februari. Leseni ya bodi ya wahandisi endelea kuilipia kila mwaka, ushinde au ushindwe. Ukitaka kugombea bila chama, kama ninavyofikiria kufanya mimi safari hii, unahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa wa wadi hiyo, na uwe umetoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Sahihi zangu nimeanza kuzikusanya, na waliotia kwanza ni wale kina mama wa vibandani.