Jeti binafsi na mafuta: ile spidi ya mwisho ndo inayouma

Mkuu umeuliza kwa nini wenye jeti binafsi wasifungiwe tu injini yenye spidi kali na inayobana mafuta kwa pamoja. Mimi najaza mafuta ndege pale Terminal 1 JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, mwaka wa saba huu, stori za marubani nazisikia kila siku, ngoja nikupe ninachokijua.

Learjet, jeti ndogo za binafsi, zile za mwanzo miaka ya 60 zilikuwa na injini za CJ610 za General Electric, tabojeti tupu, hewa yote inaingia kwenye moto inatoka nyuma kwa fujo, kelele usiseme na mafuta ndo kabisaa. Baadae zikaja injini za TFE731 za Garrett kwenye Learjet 35, hizi zina feni mbele na hewa nyingi inapita pembeni bila kuguswa na moto, yaani unasukuma hewa nyingi kwa upole badala ya kidogo kwa nguvu, hapo ndo mafuta yakaanza kupona. Sasa utasema si waikuze feni zaidi? Ikiwa pana sana nayo inagomana na upepo, na jeti hizi zinakimbia karibu na spidi ya sauti.

Na hapo karibu na spidi ya sauti ndo kwenye kesi yenyewe, maana juu ya bawa yanaanza mawimbi ya mshtuko na upinzani wa hewa unapanda ghafla, injini iwe nzuri vipi. Chukua Gulfstream G650, ukienda Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya spidi ya sauti, inafika maili za baharini 7,000, ukiiweka 0.90 inafika 6,000, ndege ile ile tenki lile lile! Kwa hiyo ukisoma brosha kuwa makini sana, spidi ya juu na umbali mrefu wanakuandikia vyote ila havipatikani safari moja.

Kuna abiria wa kukodi alichelewa karibu saa nzima kisa foleni ya Nyerere Road, anaenda Johannesburg, kufika tu anamwambia kapteni kanyaga tufidie. Kapteni akampigia hesabu pale pale ngazini, kutoka 0.80 kwenda 0.85 kwa hizo kilomita kama 2,500 anaokoa dakika kumi hivi, na sisi itabidi turudi na bauza, lile gari la mafuta, tuongeze. Jamaa akafikiria, akasema basi twende hivyo hivyo. Tukakunja bomba tukatoka.