Nimemzuia, mbona bado anaonekana? Maswali yenu kuhusu Mastodon na Bluesky

Tangu baadhi yenu mhamie mitandao ya kijamii ya Mastodon na Bluesky, barua zenu zinazunguka jambo moja: nani mwenye kauli ya mwisho, mimi mwenye akaunti au msimamizi wa seva, yaani kompyuta inayohifadhi akaunti hiyo? Nimechukua tano.

Nimemzuia jamaa mmoja Mastodon, lakini rafiki yangu anasema bado anamwona akinisema. Sasa zuio lina kazi gani? (Tanga)

Kazi linafanya, ila kwako tu. Umefunga chumba chako. Uani bado anapita. Rafiki yako hajamzuia, wala msimamizi wenu, kwa hiyo kwao huyo ni mtu kama wengine. Tena Mastodon si kampuni moja. Ni maelfu ya seva, kila moja na mwenyewe, zinazoelewana kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo ActivityPub. Ukimzuia mtu wa seva nyingine, seva yako huipasha habari ya kwake na kutumaini itatii. Seva ya kihuni haitii. Na chapisho lako la hadharani anaweza kulisoma kwenye kivinjari bila hata kuingia kwenye akaunti yake.

Shikamoo. Kunyamazisha na kuzuia, nitumie lipi? (Nakuru)

Marahaba. Ukimnyamazisha hajui, ufuasi haukatiki, na Mastodon inakuruhusu uweke muda. Ndiyo dawa ya shemeji anayechapisha mpira usiku kucha. Zuio hukata ufuasi pande zote mbili. Walio Bluesky wajue pia kwamba huko mazuio ni ya wazi: yeyote mwenye nia anaweza kujua nani kamzuia nani.

Nimeamka nikakuta wafuasi themanini hawapo. Msimamizi wetu kaifungia seva yao nzima, hakuuliza mtu. Ana haki hiyo? (Dar es Salaam)

Anayo. Seva ni yake na bili analipa yeye. Ila haki ni jambo moja na ustaarabu ni jingine.

Msimamizi ana ngazi mbili. Ya kwanza ni kuibana seva: machapisho yake hayaonekani hadharani, lakini aliyekuwa akiwafuata watu wa huko anaendelea kuwaona. Ya pili ni kuifungia kabisa, na hapo kila ufuasi kati yenu na wao hukatika. Hata akibadili mawazo kesho, ufuasi haujirudishi wenyewe. Ndiyo maana nadhani aliyeruka ngazi ya kwanza bila sababu nzito amewakosea watu wake. Sababu nzito zipo. Gab, mtandao uliojulikana kwa kuhifadhi chuki za kibaguzi, ulipohamia kwenye programu ya Mastodon mwaka 2019, wasimamizi wengi waliufungia mlango mara moja, na sikuona wa kuwalaumu.

Tangu toleo la 4.3, la Oktoba 2024, Mastodon hukuarifu ufuasi ukikatwa namna hiyo na kukupa orodha ya uliowapoteza. Ipakue. Ukiamua kuhama seva, wafuasi uliobaki nao utahama nao. Machapisho yako ya zamani yatabaki ulikotoka.

Sisi ni watu wazima. Kwa nini msimamizi asimwachie kila mtu azuie anayemkera? (Muscat)

Kwa kero, nakubaliana nawe. Threads, mtandao wa kampuni ya Meta yenye Facebook, ulipoanza kuunganishwa na seva za Mastodon mwishoni mwa 2023, wapo wasimamizi walioapa kuufungia na wapo waliosema asiyeutaka auzuie mwenyewe. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sababu Mastodon humpa mtumiaji uwezo wa kuzuia seva nzima kwa upande wake.

Lakini mtu anayefungua akaunti mpya kila saa kukutukana, utamzuia mpaka lini? Na mgeni aliyejiunga leo hana orodha yoyote ya kumkinga. Matusi yatamfikia kabla hajajua kitufe kiko wapi. Kuna na hili watumiaji hatulioni: picha zinazotoka seva nyingine mara nyingi hunakiliwa kwenye diski ya seva yenu. Picha ikiwa ya kihalifu, atakayegongewa mlango na polisi ni msimamizi, si wewe.

Bluesky wamejaribu njia ya kati. Tangu Machi 2024 vikundi huru vinaweza kubandika lebo kwenye machapisho na akaunti, nawe unachagua lebo za nani uzifuate na kama kilichobandikwa kifichwe au kije na onyo. Juu ya hapo kampuni yenyewe bado ina rungu lake.

Nikiripoti mtu wa seva nyingine, ripoti inaenda kwa nani? (Kampala)

Kwa msimamizi wako kwanza. Mastodon itakuuliza kama nakala iende na kwa msimamizi wa huko. Nakala hiyo haitaji jina lako, ila maelezo uliyoandika huenda yalivyo, kwa hiyo usianze na "Mimi fulani, jirani yake". Na kama msimamizi wa huko ndiye huyo huyo unayemripoti, usiipeleke.