Mashine ya msasa ya belti inaacha mabonde kwenye meza ya mninga: jibu langu

Mkuu, umeuliza kama ununue msasa laini zaidi ili mabonde yaishe, na kama uvae glavu. Naona msasa wako hauna shida. Angalia mashine inavyotua na inavyoinuka.

Belti inayozunguka inakula mbao zaidi pale unapoiacha mashine ikae mahali pamoja bila kuisogeza. Washa ikiwa hewani, ishike kwa mikono miwili, ishushe taratibu huku tayari unaisogeza. Ukimaliza, inua kwanza ndipo uzime, na usiiweke chini mpaka belti isimame kabisa. Usiikandamize, uzito wake unatosha. Fuata nyuzi za mbao, kila mpito ukipanda nusu ya uliotangulia. Ukifika ukingoni usiitokeze sana nje, itainama na kula kona.

Kabla ya kuanza, chora mistari ya penseli meza nzima. Ikifutika yote, futa vumbi, ndipo upande namba ya msasa (namba kubwa ndiyo laini zaidi). Mimi naanza na 80, kisha 120, halafu 180 kwa mkono, msasa ukiwa umezungushiwa kipande cha mbao. Ukiruka kutoka 60 hadi 180, mikwaruzo hutaiona mpaka upake vanishi, na hapo umeshachelewa. Plaiwudi yenye ngozi ya mbao ngumu usiipelekee mashine hii kabisa. Ile ngozi inatoboka kufumba na kufumbua.

Glavu vua. Mikono mirefu ya shati inayoning'inia kunja, ubao ubane kwa klampu. Kubadilisha belti, chomoa waya ukutani kwanza, kisha fuata mshale uliochapwa ndani ya belti. Ikikimbilia pembeni, irudishe kati kwa kitasa cha kurekebishia.

Kuna hili la umeme ambalo wengi hawalifikirii. Umekatika wakati swichi umeibana ibaki imewashwa kwa kitufe chake, nawe umeondoka kunywa chai. Ukirudi umeme, mashine inatambaa yenyewe mpaka inaanguka, au inamkuta mtoto. Ukikatika tu, achia kitufe hicho swichi izime, na uchomoe waya.

Vumbi la mninga na mvule linawasha pua na ngozi, na tangu 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii. Tafuta barakoa ya N95, pamoja na miwani. Mbao za zamani zing'oe misumari yote, maana cheche ya msumari ikiingia kwenye mfuko wa vumbi inafuka moshi polepole wakati wewe umeshafunga karakana.

Kwa meza yako ya sasa: penseli tena, msasa 80, pitisha kwa mshazari bila kukandamiza mpaka mistari iliyo ndani ya mabonde nayo ifutike. Kisha rudi kwenye nyuzi, kwa 80 hiyohiyo, mpaka mikwaruzo ya mshazari iishe. Kama kuna bonde lenye kina kirefu sana, liguse kwa randa ya mkono pembeni zake kwanza, utaokoa belti.