Muziki upi, na mpigaji amekaa na nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, Uislamu unaruhusu kuimba na kusikiliza muziki?" Naona wengi watawajibu ndiyo au hapana. Mimi neno moja halinitoshi, maana vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, tunavyosomeshwa huku pwani havikuliuliza swali hivyo. Vinataka kujua kwanza ala gani, inaimbwa nini, na mpigaji amekaa na nani.

Chukueni Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Ni kitabu ambacho makadhi na walimu wa Kishafii wa mwambao huu wamekitegemea vizazi kwa vizazi. Suala la nyimbo amelitia katika mlango wa ushahidi, pale panapojadiliwa nani akubaliwe kushuhudia mbele ya kadhi na nani akataliwe. Anasema kuimba bila ala ni makuruhu, yaani kunachukiza bila kuwa dhambi, hakusema haramu. Nyimbo za kuendeshea ngamia ni mubaha, yaani zaruhusiwa. Dufu lajuzu harusini na kwenye khitani, na kwa kauli yenye nguvu zaidi hata penginepo, hata likiwa na njuga. Kisha anakaza: tanburi na udi ambazo ni ala za nyuzi, matoazi na zumari la Kiiraki ni haramu kupiga na kusikiliza, na sababu anaitaja hapo hapo, kwamba hizo ni alama za walevi. Katika ngoma anaitaja kuba kuwa ni haramu, ile ndefu iliyobinyika katikati. Ikifika filimbi, Imam Rafii anaona yafaa, Nawawi anasema haifai. Hao ni maimamu wawili wakubwa wa madhehebu moja.

Kwa hiyo anayepanda mimbari akasema "wanazuoni wote wamekubaliana muziki ni haramu" amevuka mpaka. Hoja zake si nyepesi, tusimdhulumu. Ipo aya ya 6 ya Suratu Luqman kuhusu mazungumzo ya upuuzi, na Ibn Masud, sahaba wa Mtume, aliapa kwamba makusudio yake ni kuimba. Ipo pia hadithi katika Sahihi Bukhari ya watu watakaohalalisha zinaa, hariri, ulevi na ala za muziki. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliikataa kwa kuona sanadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi, imekatika. Ibn Hajar, mshereheshaji wa Bukhari, akaja baadaye akaonyesha njia zilizoiunga, na kwangu mimi jibu lake lina nguvu. Lakini kushindwa kwa hoja ya Ibn Hazm hakumfuti yeye mwenyewe. Alikuwapo, na mwanahadithi Ibn Tahir al-Qaysarani alikuwapo, na wote wawili waliruhusu. Makubaliano ya wote hayapo.

Upande wa pili nao wana lao. Mpenzi wa taarab ukimgusa tu, atakwambia Ghazali karuhusu. Ghazali, kweli, aliandika mlango mzima katika kitabu chake cha Ihya akitetea usikilizaji unaoulainisha moyo. Wengi wanaomtaja hawakuusoma hadi mwisho. Nyuzi na mazumari amezitoa katika ruhusa hiyo, pamoja na ile kuba, kwa sababu ile ile ya vikao vya ulevi. Sasa taarab bila udi, kanuni na fidla ni taarab gani? Mwenye kuipenda aseme waziwazi kwamba anafuata kauli ya Ibn Hazm, au ya Sheikh Qaradawi wa zama zetu aliyeruhusu kwa masharti. Hiyo ni kauli ya wanazuoni, haina haja ya kuvikwa kilemba cha Ghazali.

Linaloniudhi zaidi ni vijana wanaotuambia kwamba hata dufu ni la wanawake peke yao, mwanamume akilishika kafanya dhambi. Wapo wanazuoni waliosema hivyo. Ila Nawawi katika ibara yake hakubagua mwanamume na mwanamke, na Subki, mwanazuoni wa Kishafii, aliwajibu wabaguzi kwamba wengi wa wanazuoni hawakutenganisha. Kule Lamu, Habib Saleh aliyaingiza matari, yaani madufu, katika maulidi yake ya msikiti wa Riyadha, na baadhi ya masharifu wa mji wakampinga vikali. Maulidi yale bado yanasomwa kila Mfungo Sita, wanaume wakiyapiga matari. Huwezi kusema watu wale hawakuwa na kitabu.

Kuhusu maneno, kisa cha Rubayyi binti Muawwidh kinanitosha. Siku ya harusi yake wasichana walipiga dufu wakiwaimba mashujaa waliouawa Badri, mmoja akatia ubeti kwamba kati yetu yupo Mtume ajuaye ya kesho. Mtume (s.a.w.) akamwambia auache huo, aendelee na aliyokuwa akiyasema. Ubeti ulikatazwa, dufu likaendelea. Basi kigodoro cha matusi, watoto wakiwa mbele wanakatika viuno, hakiwi halali eti kwa sababu kimepigwa kwa dufu tupu. Na mwenye harusi aliyelipa asimtupie mzigo mwimbaji.

Pagumu kweli ni kinanda. Vikundi vya kasida sasa vinakitia chini ya kumswalia Mtume. Nawawi hakukitaja, je, ni alama ya walevi leo, wakati kinalia kwenye taarifa ya habari na katika simu ya imamu? Wanaoruhusu wanashika hapo: sababu ikiondoka, hukumu huondoka nayo. Wanaokataza wanasema hadithi ya Bukhari haikuweka sababu hiyo. Nyumbani kwangu kasida ni kwa dufu na sauti, kinanda sikitaki. Jirani yangu anakitumia, na akija kushuhudia ndoa ya binti yangu nitaupokea ushahidi wake.

Msomaji wenu, Tanga