Yai na ujangili

Swali: Shikamoo mama. Kitabu cha mapishi kinaniambia ni-"poach" yai. Ninavyojua mimi, neno hilo ni ujangili wa tembo. Yai limekosa nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, umenichekesha mpaka chai imenimwagikia. Huo ujangili ni maana nyingine. Hili la jikoni limetoka kwa Wafaransa: "pocher", kutokana na "poche", yaani mfuko. Ukilivunja yai ndani ya maji ya moto yasiyotokota kwa fujo, ute huganda ukakifunika kiini, kikawa kama kimetiwa mfukoni. Mimi hutia kijiko cha siki, nasubiri dakika 3, naopoa. La kwanza kulijaribu lilitapakaa sufuria nzima kama uji! Samaki naye hupikwa hivyo, ingawa mfuko wake sijauona.